Chai ya nyumbani, malwa, usafi wa mtaa au kikao cha LC1: ukitaka majirani waongee siasa bila kugombana, uanzie wapi?

Ukiamua kukutanisha majirani, swali linalokuja haraka kichwani ni tutaongea nini. Mimi naona hilo lisubiri kidogo, kwanza uliza tutakaa wapi na nani atatuona tumekaa. Hapa Uganda mahali ndipo panaamua nusu ya maneno yatakayosemwa. Mama anayekaa kimya kwenye kikao cha LC1, yaani baraza la kijiji, tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, mkute kwenye foleni ya bomba kesho yake asubuhi, atakuchambulia hospitali, shule, barabara, mpaka mshahara wa mbunge, na hakuna aliyemuuliza. Maneno alikuwa nayo tangu jana.

Naandika nikiwa Busia upande wa Uganda, mji wa mpaka, Wasamia na Wateso na Wasoga na Waganda na Wasomali wote tunanunua nyanya kwa mama mmoja na Kiswahili ndiyo kinatupatanisha sokoni. Kwa hiyo mifano mingi ni ya huku mashariki, ila hata mtu wa Naguru au Arua atayatambua mengi. Nimechukua njia nne ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzianzisha au kuzitumia bila NGO na bila pesa ya mfadhili: kikao cha LC1, kikundi cha malwa (pombe ya ulezi), chai ya nyumbani, na usafi wa mtaa. Zingine nitazigusa huko chini. Na sitajifanya nazipenda zote sawa.

Kikao cha LC1

Hiki hakihitaji kuanzishwa, kipo. Kisheria kijiji kizima ni baraza, kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, halafu kuna kamati ya watu 10 chini ya mwenyekiti. Mfumo huu ulianza kama RC (Resistance Council) wakati wa vita ya msituni ya Museveni kule Luwero, ukasambazwa nchi nzima baada ya 1986, na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ndiyo ikauweka kama tunavyoujua leo. Wazee waliokaa kwenye RC za mwanzo wakikusimulia utashangaa, wanasema watu walikuwa wanabishana mpaka usiku, ajenda ni sukari na sabuni za mgao, nani kapewa nani karukwa, na mwenyekiti anajieleza mbele ya watu akitoka jasho.

Nguvu ya kikao hiki ni moja tu lakini kubwa: kikiamua kitu, kitu kinaandikwa, kinagongwa muhuri, na kinaweza kwenda juu parishi mpaka gombolola. Hizo njia zingine tatu haziwezi. Mkikubaliana kwenye chai kwamba kalvati la njia ya chini libadilishwe, hiyo ni hamu tu. Mkikubaliana kwenye kikao cha LC1 na katibu akaandika, mnayo karatasi ya kumpelekea diwani.

Lakini kwa kufungua midomo, hapana. Fikiria barua ya LC inatumika kwa nini: kitambulisho cha taifa, kuuza kiwanja, kufungua akaunti benki, kumtoa kijana wako polisi kwa dhamana. Sasa mtu mwenye muhuri huo ndiye anaongoza kikao, wewe utasimama useme mtaa unaendeshwa vibaya? Halafu ongeza ile PDM, mpango wa serikali wa mtaji kwa kaya, iliyoanza 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka na kaya moja kupewa mpaka milioni moja, majina yanapita kijijini kwanza, kwa hiyo hata yule aliyekuwa mkali siku hizi anasema "tunashukuru uongozi".

Na kuna jambo la mlolongo. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika Julai 2018 baada ya miaka 17 bila uchaguzi, na watu walipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Hakuna karatasi hakuna boksi. Maana yake mwenyekiti anajua nani alisimama nyuma yake na nani alisimama kwa mwenzake, jirani anajua, hata mtoto aliyekuwa anauza maji ya baridi pale anajua. Muda wao ulikuwa miaka mitano, ukaisha 2023, ukawa unaongezwa. Mtu aliyesimama mstari wa pili 2018 amejifunza kukaa kimya muda mrefu sana, usitegemee atafunguka kwa sababu umeleta ajenda nzuri.

Kikundi cha malwa

Hapa ndipo mashariki tunapozungumza ukweli, tusidanganyane. Chungu katikati, maji ya moto yanaongezwa, kila mtu na mrija wake mrefu, watu wamekaa duara. Wengi nje wanafikiri ni ulevi tu, hawajui kwamba kikundi cha malwa chenye heshima kina katiba kuliko vyama vingine: kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna faini ya kuchelewa, faini ya kumtukana mwenzako, na mwenzenu akifiwa kuna mchango uliopangwa. Hiyo faini ya matusi ndiyo dawa. Bwana mkubwa wa forodha na kijana wa boda wanavuta chungu kimoja, na yule wa boda anaweza kumwambia mkubwa "mzee hapo umekosea" na dunia isianguke, kwa sababu sheria za chungu zinawalinda wote wawili.

Gharama ni ndogo, kila mtu analipa chake, na hakuna mwenyeji anayebeba mzigo. Na kinakutana karibu kila jioni, kwa hiyo mjadala wa jana unaendelea leo, mtu alilala akafikiri akarudi na jibu. Chai ya nyumbani ya mara moja kwa mwezi haina hicho kitu.

Sasa angalia nani hayupo. Waislamu hawapo, walokole hawapo, na kwa mtaa wetu ukiondoa hao wawili umeshaondoa nyumba nyingi. Wanawake, wengi wao ndio wanaotengeneza huo malwa na kuuza, lakini wanaokaa kwenye duara kama wajumbe ni wachache na wakikaa kuna mtu atasema neno. Vijana wa miaka ishirini wanaona ni kitu cha wazee. Kwa hiyo mnaweza kukubaliana vizuri sana kuhusu maji ya mtaa, nyinyi wanaume wa makamo ambao hamchoti maji.

Tena kuna saa. Saa ya kwanza ya malwa ni baraza zuri kuliko yote Uganda. Saa ya tatu kila mtu ni waziri na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Na ugonjwa wa 2020 uliacha somo, baa zilifungwa Machi mwaka huo zikafunguliwa Januari 2022, vikundi vingine vilivunjika vikabaki hivyo, yaani kama mazungumzo ya mtaa wako yote yanategemea mahali pa pombe, serikali ikifunga pombe mtaa wenu unanyamaza.

Ushauri wangu: kama tayari ni mjumbe, tumia hiyo saa ya kwanza. Kama si mjumbe usijiunge kwa ajili ya siasa, watakujua mara moja.

Chai ya nyumbani

Hii ndiyo nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo rahisi kuanzisha na ndiyo rahisi kuharibu.

Idadi kwanza. Watu kumi mpaka kumi na tano, wakizidi ishirini imeshakuwa mkutano, mtu anasimama kuongea badala ya kuongea amekaa, na akisimama tu anaanza kuhutubia. Chai ya maziwa, mandazi au chapati, mihogo ya kuchemsha na njugu kwa wasiokula ngano, kwa bei za huku hata shilingi elfu hamsini huwa haziishi. Usichinje kuku. Ukichinja kuku watu wanaanza kuuliza unataka kugombea nini, na hilo swali likishaingia mtaani halitoki.

Kwa sababu hiyo hiyo usialike peke yako. Tafuta nyumba moja ambayo watu wanajua hamfanani, dini nyingine au kabila lingine au chama kingine, mualike kwa majina mawili. "Mama nanihii na Hajati wanawakaribisha chai Jumamosi" inasikika tofauti kabisa na mwanaume mmoja anayeita watu kwake. Mwezi ujao iende nyumba ya tatu. Ikikaa kwako miezi yote inakuwa kambi yako.

Sheria inasemaje? Katiba ya 1995, ibara ya 29, inakupa uhuru wa kukusanyika kwa amani. Ile sheria ya 2013 ya kusimamia mikusanyiko inadai notisi polisi kati ya siku 3 na siku 15 kabla ya mkutano wa hadhara, lakini shughuli za kijamii, za dini, za utamaduni na za elimu zimeachwa nje ya maana ya mkutano wa hadhara, na Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilisema yale mamlaka ya polisi kuzuia mikutano yanavunja katiba. Hayo ni ya kwenye karatasi. Mtaani, mtu wa usalama wa gombolola akisikia watu kumi na tano wanakaa kwa fulani na wanaongea siasa, atataka kujua. Mimi naona bora umwambie mwenyekiti wa LC1 mapema, siyo kuomba ruhusa, unamwarifu tu: "Mwenyekiti, habari za nyumbani, Jumamosi tunakunywa chai na majirani kwangu, ukipata nafasi karibu kikombe." Umemheshimu, hana sababu ya kusema alifichwa, na mara nyingi hatakuja. Akija akae kama jirani wengine, usimpe kiti cha mbele.

Mavazi, ndiyo hata mavazi. Sema mapema hakuna fulana ya njano ya NRM, chama tawala, hakuna nyekundu ya NUP, hakuna ya bluu ya FDC, hivyo viwili vya upinzani. Bereti nyekundu ndiyo usiseme, tangu 2019 serikali iliiweka kwenye orodha ya mavazi ya jeshi, mtu mmoja akija nayo kikao chenu kimekuwa kesi. Na simu zikae mifukoni, hakuna kurekodi, hii usiione ndogo, mtu akiona simu imesimama juu ya meza maneno yake yanabadilika hapo hapo.

Sasa swali la kufungulia. Ukianza na "mnaonaje serikali" umemaliza, wa njano watajitetea, wa nyekundu watashambulia, na wengine wataangalia vikombe. Anza na kitu ambacho wote wamelipa. Kwa mfano: mwaka huu shule imekudai nini ambacho hukutegemea? Elimu ya msingi ya bure, UPE, ilianza 1997, na kila mzazi pale anajua kuna pesa ya chakula cha mchana, kuna ya mtihani, kuna ya ufagio, kuna ya mlinzi. Hapo mwenye kadi ya NRM na mwenye kadi ya NUP wanatoa risiti zinazofanana. Halafu polepole, bila mtu kusukuma, linakuja swali lenyewe: kama ni bure kwa nini tunalipa, pesa inayotoka wizarani inaishia wapi, na nani tumuulize, mwalimu mkuu, kamati ya shule, diwani au mbunge? Hiyo ni siasa kamili, na hakuna aliyetaja jina la rais. Hospitali inafanya kazi vile vile, ada za vituo vya serikali zilifutwa 2001, muulize mtu mara ya mwisho alipoandikiwa dawa akaambiwa akanunue nje.

Mzee ataanza kuongea, hiyo ni heshima, mwache aanze. Ila baada yake usizungushe zamu kwa umri maana vijana watafika mwisho chai imepoa na yote yameshasemwa na wakubwa, na kijana wa huku hatampinga baba wa rafiki yake mbele za watu. Kinachosaidia ni kuwaweka watu wawili wawili dakika chache, jirani na jirani, halafu kila mmoja aseme alichosikia kwa mwenzake, siyo chake. Msichana anayeogopa kusema lake anaweza kulisema la Mzee, na Mzee analazimika kulisema la msichana kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeona wazee wakicheka sana hapo, na kidogo kuaibika pia.

Lugha. Mtaa mchanganyiko kama wetu, Kiswahili kinasaidia kwa sababu si cha mtu, hakuna kabila linalojiona limekaribishwa nyumbani kwa kabila lingine. Lakini usisahau kuna wazee hasa wa kusini na katikati ambao wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari na vizuizi vya barabarani vya miaka ya Amin na Obote, hata kama katiba tangu 2005 inakitambua kama lugha rasmi ya pili. Kwa Kampala ningeacha Luganda na Kiswahili vichanganyike vyenyewe, atakayekwama atatafsiriwa na aliyekaa naye.

Ubaya wa chai ya nyumbani ni kwamba ina mwenye nyumba. Mtu aliyegombana na wewe kuhusu mbuzi wake hatakuja hata kama ana maoni mazuri kuliko wote. Maskini kabisa hawaji pia, wanaona aibu kwa sababu siku yao ya kukaribisha ikifika watatoa nini, kwa hiyo sema tangu mwanzo kwamba zamu inaweza kufanyika chini ya mti wowote na kila mtu aje na kikombe chake na kijiko cha sukari. Na mazungumzo yake yanabaki ndani, hayana muhuri kama nilivyosema.

Usafi wa mtaa

Buganda wanaita bulungi bwansi na wana siku yake tarehe 8 Oktoba, lakini jina limeshaenea hata huku kwetu. Watu wanatoka na majembe, fyekeo, reki, toroli moja ya kuazima, wanazibua mtaro au wanasafisha chemchemi. Majirani zetu Rwanda wamelifanya la lazima, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na baada ya kazi wanakaa kikao. Sisi hatuna lazima hiyo, na nafikiri ni bora hivyo, ila hicho kikao cha baada ya kazi ndicho cha kuiga.

Kwa mtu ambaye mtaa wake watu hawajuani kabisa, ningeanzia hapa na siyo kwenye chai. Kumwalika mtu usiyemjua ndani kwako ni mzigo kwa wote wawili. Kumwomba ashike upande wa pili wa toroli si mzigo. Na siasa inajileta yenyewe, mkishatoa kaveera (mifuko ya plastiki) na matope ya mtaro mzima mtu lazima aulize, hivi pesa ya sokoni tunayokatwa kila siku inafanya nini kama mtaro tunazibua sisi. Swali hilo limetoka kwa mtu mwenye matope mpaka magotini, hakuna atakayemwita mchochezi. Hata mtu wa usalama akipita ataona watu wanafagia.

Lakini usipopanga nusu saa ya mwisho umefanya kazi ya bure ya manispaa ukaenda kulala. Sufuria la uji au maji na miwa, kivuli, watu wakae kabla hawajatawanyika, hapo ndipo mazungumzo yalipo. Mwenye pesa atamtuma kijana wake wa kazi badala ya kuja yeye, mwambie kijana karibu sana na yeye ana neno kama wengine, utaona wiki ijayo bosi amekuja mwenyewe kujua kilichosemwa. Tatizo lake kubwa ni kina. Watu wamechoka, jua linawaka, hamtafika mbali kwenye jambo gumu kama ardhi au nani alipigwa wakati wa kampeni. Mtaro unafungua mlango tu.

Zingine kwa haraka

Kikundi cha akiba: watu wanakutana kila wiki tayari, wanawake ndio wengi, wanaaminiana kwa pesa jambo ambalo ni zito kuliko siasa. Ukiwa ndani yake omba dakika ishirini baada ya hesabu, lakini sanduku lifungwe kwanza, siasa na pesa zikichanganyika mezani kikundi kinaweza kuvunjika na akiba za watu zikaondoka nazo.

Futari ya Ramadhani, kualika majirani wasio Waislamu: nzuri sana kwa kufahamiana, ila siasa iache, siyo saa yake.

Matanga: wanasiasa wanayapenda, wanakuja na bahasha na maiki, na kwa kweli siasa nyingi za Uganda zinafanyika makaburini. Usiwaige. Ile ni siku ya wafiwa.

Baraza za serikali, zile zilizoanzishwa 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, maofisa wanasoma mbele ya watu pesa iliyoingia na kazi iliyofanyika. Zikija gombolola yenu nendeni, tena nendeni na maswali mliyoyapika kwenye chai, maana mkutano wenyewe ni mkubwa na anayepata maiki ni aliyejiandaa.

Redio: waliokuwepo Kampala wanakumbuka ebimeeza, Radio One pale Club Obligatto, watu wamekaa mezani na wanabishana moja kwa moja hewani. Zilipigwa marufuku Septemba 2009 baada ya zile ghasia za Buganda. Nilizipenda, ila nakiri kwamba maiki ilikuwa inawafanya watu waongee kwa ajili ya kusikika, si kwa jirani aliye mbele yao.

WhatsApp: ni ya kutangaza saa na mahali. Kwa kubishana hapana. Bando ni ghali, tangu 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data, mitandao ilizimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari mwaka huo huo, na mtu akipiga picha maneno yako ya saa tano usiku akayatuma sehemu nyingine, na hiyo sheria ya makosa ya kompyuta iliyoongezwa makali 2022, utajieleza peke yako.

Ukizipanga pamoja

Kwa pesa, malwa na usafi ni nafuu, LC1 ni bure, chai ina gharama lakini mkizungusha zamu haimuumizi mtu. Kwa uhuru wa maneno naweka chai juu, halafu malwa ya saa ya kwanza, halafu usafi, na LC1 chini kabisa. Kwa kuleta watu wa aina zote, usafi unashinda na malwa yanashika mkia. Kwa kupata matokeo, LC1 haina mpinzani na ndiyo maana huwezi kuitupa.

Kwa hiyo mtaa mpya, nyumba za kupanga, watu wanahama kila baada ya miezi sita: usafi, miezi miwili mitatu, usiharakishe. Mtaa wa zamani watu wanajuana mpaka babu lakini kuna kinyongo cha uchaguzi: chai, wenyeji wawili wa pande mbili, na msubiri joto la kampeni lipoe, ile Januari 2026 kwa mfano ilikuwa siyo wakati wa kuanzisha kitu chochote cha namna hii, miezi iliyofuata ndiyo. Kijijini ambako malwa ndiyo baraza lenyewe: usishindane na chungu, anzisha chai ya wanawake mchana, halafu tafuta wajumbe wawili watatu wanaoweza kubeba neno kutoka huku kwenda kule. Na mkiwa na dai lililoiva, limeandikwa, watu kumi wanalijua kwa kichwa, hapo ndipo mwende LC1, wote kwa pamoja mkae mstari wa mbele, mmoja asimame aliseme na wengine tisa waitikie, muhuri hauwezi kunyimwa watu kumi kirahisi kama unavyonyimwa mmoja.

Jambo la mwisho ni mgombea. Kikundi kikishajulikana atakuja tu, wa chama chochote, na sukari, sabuni, au "kitu kidogo cha viti". Kubalianeni jibu kabla hajafika, kwa sababu akishafika na sukari iko juu ya meza hakuna atakayekuwa wa kwanza kuikataa mbele ya wenzake wenye watoto. Sisi tungesema hivi: mheshimiwa karibu ukae, chai ipo, unaongea zamu yako ikifika na ni dakika zile zile za wote, sukari mpelekee mzee fulani aliye mgonjwa, nyumba yake ni ile pale. Wengine wanakaa. Wengine wanakumbuka wana mkutano mwingine.